Upo uliotoboka: kisa cha darasa lililogawanya sita kwa sifuri

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika shule moja ya sekondari kisiwani Lamu, muhula wa pili, siku ambazo kusi imeshika na mashua nyingi zimefungwa. Mwalimu wa kisa ni mimi mwenyewe. Jina la shule, mwaka na majina ya wanafunzi nimeyaacha, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Vipimo vya lenzi sikuvigusa. Hivyo havina wa kumwaibisha ila mimi.

Nawaandikia hasa walimu wenzangu wa hesabu na fizikia. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeuliza kwa nini hatugawanyi kwa sifuri, na wengi wetu tuna jibu la neno moja ambalo nasi tulipewa na walimu wetu.

Usuli

Darasa lilikuwa la kidato cha nne, wavulana kwa wasichana, thelathini na kitu. Hesabu nawafundisha mimi, na fizikia pia ni mimi. Kwa hiyo kuna siku asubuhi nasimama mbele yao kama mwalimu wa hesabu, na baada ya chai narudi kama mwalimu wa fizikia, kwa shati lilelile. Hilo la shati lina uzito wake katika kisa, mtaona.

Ubaoni tunaandika Kiingereza, kwa kuwa mtihani ndivyo unavyotaka. Kuelewana ni kwa Kiswahili, na mabishano yakipamba moto ni Kiamu kitupu.

Darasa lilikuwa limeshasoma mteremko wa mstari tangu kidato cha pili, na lilijua kwamba mstari uliosimama wima hauna mteremko. Lilijua hivyo kwa kukariri. Nikiulizwa sababu, jibu langu la miaka yote lilikuwa "haiwezekani", kisha nafuta ubao.

Yaliyotokea

Jumanne asubuhi tulikuwa tunarudia maswali ya nyuma. Swali moja lilitaka mteremko wa mstari unaopita kwenye nukta (3, 1) na (3, 7). Toa moja kwenye saba, unapata sita. Toa tatu kwenye tatu, unapata sifuri. Basi juu sita, chini sifuri.

Nikauliza jibu ni ngapi, darasa likapasuka mapande matatu. Wa kwanza walisema sifuri, na hoja yao ilikuwa ya mkate: una mikate sita ya mofa, hakuna mtu wa kumpa, basi kila mmoja anapata sifuri. Wa pili walisema sita, kwa kuwa hukugawa chochote na mikate yako yote ungali nayo. Wa tatu walisema ni namba isiyo na mwisho. Mmoja wao, ambaye hujifunza kuandika programu, aliapa kwamba ameijaribu kwenye kompyuta ya shule kwa lugha ya JavaScript na kompyuta imejibu hivyohivyo. Vikokotoo vyao vilikuwa vimekataa vyote na kuonyesha neno la kosa.

Nikawaambia: "Haiwezekani. Andikeni hivyo, tuendelee."

Msichana mmoja wa safu ya nyuma, mpole, si wa kelele, akanyoosha mkono. "Mwalimu, shule ya msingi tuliambiwa tatu toa tano haiwezekani. Kidato cha kwanza ikawezekana."

Kengele ikaniokoa, na sioni aibu kulisema.

Alhamisi tulikuwa na kazi ya maabara: lenzi mbinuko yenye urefu wa fokasi wa sentimita 10, mshumaa, na kipande cha karatasi nyeupe cha kushikia taswira. Jua la Lamu halina huruma na taswira ya mshumaa, kwa hiyo tulifunga madirisha na kutundika leso mbili zilizoletwa na wasichana. Upepo uliingia chini ya mlango na mwale ukawa unacheza. Mmoja akaketi pale mlangoni kuuziba kwa mgongo wake.

Mshumaa ukiwa sentimita 30 kutoka kwenye lenzi, taswira ilikaa sentimita 15 upande wa pili. Ukiwa 20, taswira 20. Ukiwa 15, taswira 30. Ukiwa 12, taswira 60. Ukiwa 11, taswira ikafika sentimita 110, tukalazimika kuteremka mezani na mtu kushika karatasi kwa mikono. Ukiwa 10.5, hesabu ilisema 210. Yule mwenye karatasi akarudi kinyumenyume hadi ukutani, na mwale wa mshumaa ukawa doa kubwa lililofifia, rangi ya chai, kichwa chini, likitetemeka. Walipiga makofi.

Halafu mshumaa ukasogezwa hadi 10.

Karatasi haikushika kitu. Nikaandika ubaoni, v ikiwa umbali wa taswira kutoka kwenye lenzi: moja juu ya v ni sawa na moja juu ya 10 kutoa moja juu ya 10, yaani sifuri. Basi v ni moja gawanya kwa sifuri. Nikatamka kama nilivyotamka miaka yote: "Taswira iko mbali isiyo na mwisho."

Msichana yuleyule akaniuliza: "Mwalimu, Jumanne sita kwa sifuri ilikuwa haiwezekani. Leo moja kwa sifuri imewezekana. Sasa ndia ni ipi?" Ndia kwa Kiamu ni njia.

Shati lilikuwa lilelile. Hakukuwa na mwalimu mwingine wa kumsukumia lawama.

Uamuzi nilioufanya, na kwa nini

Jioni ile nilikaa na mwenzangu wa chumba cha walimu, mtu mzima kwangu na mwalimu mzuri. Akaniambia, "Ndugu yangu, hilo mtihani hauliulizi. Waambie hesabu ina sheria zake na fizikia ina zake, ulale." Moki, yaani mtihani wa majaribio, ilikuwa wiki tatu mbele. Ushauri wake ulikuwa na akili.

Sikuufuata, kwa sababu ya zile tatu toa tano. Yule binti hakuwa amekosa kuelewa hesabu. Alikuwa ameelewa kitu kibaya zaidi, kwamba mwalimu akisema "haiwezekani" maana yake ni "subiri ukue". Neno lenyewe lilikuwa limepoteza thamani. Nikilirudia mara ya tatu ningelipoteza kabisa, na nalihitaji kwa mambo ambayo kweli hayawezekani.

Basi nikatoa vipindi viwili vya marudio. Niliamua pia mazungumzo yawe ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na nianze kwa kukiri kwamba nimejipinga mwenyewe. La tatu, ambalo sikulipanga vizuri, ni kwamba kila mmoja alete mfano wake wa kugawanya kutoka nyumbani.

Ijumaa walileta mifano ya mikate na visheti. Mvulana mmoja, ambaye babu yake ana mashua, alileta upo.

Kwa asiyejua, upo ni chombo cha mbao cha kufulia maji kwenye mashua, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, na ngama ni sehemu ya chini ndani ya mashua ambamo maji hayo hukusanyika. Siku hizi wengi hukata jerikeni tu, lakini huu ulikuwa wa kuchongwa, umepauka kwa chumvi, na chini ulikuwa na ufa wa kuingiza vidole viwili. Alipousimamisha mezani kuna aliyesema "upo haupo", darasa likacheka, nami nikamwacha aeleze.

"Ngama ina lita sitini za maji," akasema. "Upo wa lita tatu, utafua mara ngapi?" Ishirini. "Upo wa lita moja?" Sitini. "Wa nusu lita?" Mia na ishirini. Hapo akauinua ule mbovu, akauelekeza dirishani, mwanga ukapita. "Huu haubebi kitu. Utafua mara ngapi?"

Wale wa isiyo na mwisho wakaruka: "Mara zisizo na mwisho!"

Akawatazama kama nahodha anavyomtazama mgeni. "Ufue milele, maji ni lita sitini vilevile. Hujapunguza hata tone. Sasa umemaliza mara ngapi?"

Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kulisema jambo hili vizuri hivyo. Kugawanya ni kuuliza utatoa mara ngapi mpaka kuishe. Sifuri ukiitoa, hakuishi, na kusema "milele" hakusaidii, kwa sababu hata baada ya milele ngama imejaa. Niliongeza kwamba mashine za zamani za kukokotoa, zile za magurudumu, ziligawanya kwa kutoa na kutoa tena. Ukiipa sifuri, magurudumu yaliendelea kuzunguka mpaka mtu aisimamishe. Ilikuwa inafua kwa upo uliotoboka.

Kisha binti wa safu ya nyuma akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na kama ngama ni kavu?"

Ngama kavu, upo mbovu: sifuri gawanya kwa sifuri. Ukifua mara saba, ngama ni kavu. Ukifua mara mia, ngama ni kavu. Usipofua kabisa, ngama ni kavu. Kila jibu linakubali. Kwa sita gawanya kwa sifuri hakuna namba hata moja inayofaa, na kwa sifuri gawanya kwa sifuri kila namba inafaa. Haya ni magonjwa mawili tofauti, nami nilikuwa nimeyapa dawa moja miaka yote.

Mkate nao tuliumaliza kwa maneno mawili. Mtu akisema "kila mmoja anapata sifuri", muulize: kila mmoja nani?

Mabishano ya tatu toa tano

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo darasa liliponishinda kwanza na ndipo lilipotulia.

Ikiwa tuliweza kuzua namba hasi ili tatu toa tano ipate jibu, kwa nini tusizue namba mpya iwe jibu la moja gawanya kwa sifuri? Tuipe jina, tuiite k, yaishe. Swali ni halali. Hakuna askari wa hesabu anayekataza kuzua.

Niliwaambia wazue. Tukaandika ubaoni: k ni moja gawanya kwa sifuri, basi k mara sifuri ni moja. Sawa. Sasa sifuri mara mbili ni nini? Sifuri. Basi k mara sifuri mara mbili? Ukianza na sifuri mara mbili, unapata k mara sifuri, yaani moja. Ukianza na k mara sifuri, unapata moja mara mbili, yaani mbili. Hesabu ileile inatoa moja na inatoa mbili.

Wakajaribu kuchomoka. Mmoja akasema tuseme moja na mbili ni sawa. Nikamwambia basi naomba shilingi elfu mbili, nikulipe elfu moja tuwe tumemalizana. Akakataa.

Tofauti ni hiyo. Namba hasi ilipoingia, sheria za zamani zote zilibaki zimesimama. Hii ikiingia inavunja nyumba. Wapo wanahisabati walioijenga namba ya namna hiyo kwa kukubali kuacha baadhi ya sheria, kwa mfano kwa kukunja ubapa wote wa namba ukawa tufe na kuweka nukta moja ya "isiyo na mwisho" kwenye ncha yake. Tufe hilo lina jina la Riemann. Lakini hata huko, sifuri gawanya kwa sifuri imeachwa bila jibu. Hili nililisema kwa dakika moja tu, na nusu ya darasa haikulishika.

Walichoshika ni historia. Mwaka 628 Brahmagupta wa India aliandika sheria za kuhesabu kwa sifuri, na zote karibu ni zilezile tunazotumia leo, isipokuwa alisema sifuri gawanya kwa sifuri ni sifuri. Karne ya 9 Mahavira akasema namba ikigawanywa kwa sifuri inabaki vilevile. Karne ya 12 Bhaskara akasema ni isiyo na mwisho. Mapande yale matatu ya Jumanne yalikuwa yamerudia safari ya miaka mia tano ndani ya dakika kumi. Waliojibu "sita" walifurahi mno kupata mzee wao. Na neno lenyewe limetufikia kupitia Waarabu: sifr, kitu kitupu. Mmoja alisema maalimu wake wa madrasa alishamweleza hivyo zamani, nami nikawa wa mwisho kufika.

Turudi kwenye lenzi

Swali la Alhamisi lilikuwa bado linaning'inia. Ndia ni ipi?

Nilichofanya ni kurudi maabara na kuendeleza jedwali kule nilikokuwa nimelikata. Mshumaa kwenye 10.1, hesabu inasema taswira iko sentimita 1,010 mbele, zaidi ya mita kumi, nje ya mlango na kuvuka ua. Mshumaa kwenye 9.9, hesabu inasema 990 hasi: taswira haiko mbele tena, iko nyuma, upande wa mshumaa, na huioni ila kwa kuchungulia ndani ya lenzi kama anayesoma maandishi madogo. Umesogeza mshumaa milimita mbili, taswira imeruka kutoka mbali sana mbele hadi mbali sana nyuma. Anayesema "ni isiyo na mwisho" ana kazi ya kutuambia ni ya upande gani.

Hapo tukazima mabishano na kuutazama mwanga wenyewe. Kwenye sentimita 10, yaani pale penye fokasi, hakuna kilicholipuka. Miale inatoka kwenye lenzi ikiwa sambamba, haikutani mbele wala haionekani kuanzia nyuma. Basi. Minara ya kuongozea meli hufanya hivyo makusudi: taa huwekwa pale penye fokasi ili mwanga uende mbali bila kutawanyika. Bahari nzima imeongozwa kwa moja gawanya kwa sifuri.

Kumbe sifuri ile iliingia kwa sababu tuliuliza umbali. "Taswira iko umbali gani?" ni swali zuri mpaka pale taswira isipokuwepo. Mafundi wa miwani hawaulizi hivyo. Wao huhesabu kwa dayopta, yaani moja gawanya kwa umbali kwa mita. Kwa kipimo chao lenzi yetu ni 10, mwanga wa mshumaa unaifikia ukiwa na 10 hasi, na unatoka ukiwa na sifuri. Sifuri ya kawaida kabisa, iko juu, si chini.

Ndipo nikapata cha kumjibu binti. Kwa hesabu, sifuri ikifika chini ya mstari, swali limekosa jibu, na kazi imekwisha. Kwa fizikia, sifuri ikifika chini ni habari kwamba chombo chako cha kueleza kimefika ukingoni, na inabidi uende ukatazame kilichopo pale. Unaweza kukuta mambo tofauti.

Pengine unakuta lugha tu ndiyo iliyokwama, kama kwenye lenzi. Simama kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, uulizwe longitudo yako. Zote zinakutana pale, hakuna jibu, lakini barafu chini ya miguu yako haina tatizo lolote. Mwaka 1916 Karl Schwarzschild alichapisha suluhisho la nadharia ya mvutano ya Einstein lenye sifuri mbili chini. Moja ilikuwa kwenye umbali maalumu kutoka katikati, ambao kwa uzito kama wa jua ni kilomita 3 hivi. Ilichukua miaka mingi kukubalika kwamba hiyo ya kwanza ni ya longitudo: ukibadilisha namna ya kupima inatoweka.

Pengine unakuta umesahau kitu. Mkondo wa umeme ni volti gawanya kwa ukinzani. Ukiziunganisha ncha za betri ya mashua ya volti 12 kwa spana, ukinzani wa spana ni karibu na sifuri, je, mkondo hauna mwisho? Hapana, kwa sababu betri yenyewe ina ukinzani ndani yake. Tuseme ni omu 0.02, basi mkondo ni ampea 600. Si isiyo na mwisho, lakini inatosha kuigandisha spana na kukuunguza mkono. Mvulana wa upo alithibitisha kwa kuonyesha kovu, na sikumuuliza zaidi.

Na kuna pale ambapo nadharia yenyewe imeisha. Sifuri ya pili ya Schwarzschild, ile ya katikati kabisa ya shimo jeusi, haitoweki kwa kubadilisha kipimo. Wengi katika fizikia huichukulia kuwa dalili kwamba nadharia ile haifiki huko.

Lililonipendeza zaidi lilikuwa la ngama kavu. Mwaka 1911 Heike Kamerlingh Onnes aligundua kwamba zebaki ikipozwa hadi karibu kelvini 4 ukinzani wake unatoweka. Hapo ukinzani ni sifuri kweli, na volti kwenye waya ni sifuri pia. Mkondo ni sifuri gawanya kwa sifuri: wowote unafaa. Na ndivyo ilivyo, mkondo ulioanzishwa ndani ya pete ya namna hiyo unaendelea kuzunguka vilevile, na sheria ya volti na ukinzani haikuambii ni kiasi gani. Inabidi uulize ulianzishwaje.

Kuhusu kompyuta iliyojibu "isiyo na mwisho" nilipita haraka. Kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, inayoeleza jinsi kompyuta zinavyohesabu namba za desimali, iliwaruhusu mafundi kuandika hivyo, na kwa sifuri gawanya kwa sifuri iliweka alama maalumu yenye maana ya "si namba". Ni mapatano ya kazi, ili programu isife katikati. Pasipo ulinzi mambo huwa mabaya: Septemba 1997 manowari ya Marekani USS Yorktown ilikwama baharini karibu na Virginia kwa zaidi ya saa mbili, baada ya sifuri kuingizwa kwenye data, programu ikagawanya kwayo, na mtandao wa kompyuta ulioendesha injini ukaanguka.

Matokeo

Wiki iliyofuata tulianza kutafuta mteremko wa mkunjo kwenye nukta moja, ambako juu kunakuwa sifuri na chini kunakuwa sifuri. Miaka mingine sehemu hii huniua. Safari hii waliikuta wameshaifahamu: ngama kavu, kila jibu linafaa, kwa hiyo usigawanye ukiwa pale, kaa karibu na pale utazame jibu linaelekea wapi. Kitu kinachoanguka mita 5 mara t mara t, t ikiwa muda kwa sekunde, kati ya sekunde ya 2 na kidogo baadaye, kasi yake ni 20 jumlisha mara tano ya hicho kidogo. Kidogo kikipungua, inabaki 20. Nikawasimulia kwamba mwaka 1734 George Berkeley, aliyekuwa askofu, aliwakejeli wafuasi wa Newton kwa kugawanya kwa kitu kisha kukifanya sifuri, na kwamba kejeli yake ilikuwa na haki mpaka wazo la kikomo liliponyooshwa karne iliyofuata.

Moki ikaja. Swali la fizikia liliuliza taswira iko wapi mshumaa ukiwa kwenye fokasi. Wengi waliandika walivyozoea, wakapata alama. Binti wa safu ya nyuma aliandika kwamba hakuna taswira, kwa kuwa miale inatoka sambamba, na akachora mchoro safi. Msahihishaji, ambaye hakuwa mimi, alimnyima alama. Mwongozo ulitaka "mbali isiyo na mwisho". Nilikwenda kumtetea, nikaambiwa mwongozo ni mwongozo.

Mwenzangu wa chumba cha walimu hakusema kitu. Hakuhitaji.

Yaliyofaa na yaliyokwama

Kilichofaa zaidi hakikuwa changu. Mikate yangu ilikuwa imefundisha kugawanya kwa njia moja tu, ya kugawia watu, na njia hiyo haionyeshi kwa nini sifuri inakwama. Inaonyesha tu kwamba watu hawapo. Upo ulifundisha njia ya kutoa, na pale ukwamaji unaonekana kwa macho, maji yamesimama palepale. Ningekuwa nimechagua mifano mwenyewe nisingeupata, maana mimi si mtoto wa mashua.

Kukiri mbele ya darasa kulinigharimu kidogo kuliko nilivyoogopa. Siku mbili walinitania, wakiniona nakuja wanaulizana leo ni mwalimu yupi anaingia. Ikaisha.

Kosa langu kubwa si "haiwezekani" ya Jumanne. Ni "isiyo na mwisho" ya Alhamisi, kwa sababu niliitamka kama mahali, kana kwamba ukitembea sana utafika ukute taswira imekaa inakungoja. Na baada ya kuwaonyesha kwamba si mahali, sikuwaambia wazi kwamba mtihani bado unaiandika kama mahali. Ilikuwa sentensi moja tu: "Mtaandika hivi, na maana yake ni hivi." Sikuisema. Alama ile aliipoteza yeye, lakini aliyeipoteza hasa ni mimi.

Tufe la Riemann ningeliacha. Nililiweka kwa sababu mimi nalipenda.

Na mpangilio ningeugeuza: lenzi kwanza, jedwali lote, 10.1 na 9.9 siku hiyohiyo, kabla ya kuandika sifuri yoyote ubaoni. Nililikata jedwali kwenye 10 kwa sababu kitabu hukata hapo, na jibu la kuvutia lilikuwa milimita moja upande wa pili.

Upo uko bado kwenye kabati la maabara, juu ya sanduku la lenzi. Nilimwambia mvulana aurudishe kwa babu yake. Akasema babu ameshachonga mwingine, na huu hata angeutaka, angefulia nini.